Shuleni kwetu hakuna klabu ya roboti. Je, kibanda cha mama kinahesabika?

Swali: Shikamoo. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, nikapata A- katika mtihani wa KCSE. Nataka kuomba vyuo vya Marekani vinavyotoa ufadhili, lakini kila ninakosoma naambiwa kwamba bila shughuli za nje ya masomo huonekani. Shule yangu ilikuwa ya bweni, ya kawaida tu. Hakukuwa na klabu ya roboti wala piano, na klabu ya midahalo ilikufa nikiwa kidato cha pili. Mimi nilikuwa kiranja wa maabara basi. Likizo namsaidia mama kwenye kibanda chake cha mboga hapa Mtwapa, na tangu nimalize shule nafundisha hesabu watoto wa jirani. Rafiki yangu anasema nianzishe shirika la kusaidia vijana haraka kabla ya kutuma maombi. Nifanyeje? Na nikiandika habari za kibanda, wataomba cheti?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo shirika, maana ndilo litakalokupotezea muda na pesa. Usilianzishe.

Nimekaa na wanafunzi wengi wakiandaa maombi haya, na kila ikifika mwezi wa nane mashirika huzaliwa kama uyoga baada ya mvua. Yana nembo, yana fulana, yana mwenyekiti wa miaka kumi na minane, na yote "yanawawezesha vijana". Ikifika Februari, fomu zikiwa zimeshatumwa, hakuna hata mwanachama mmoja anayejibu simu. Sasa elewa kwamba vyuo vingi vya Marekani huwagawia maafisa wao wa udahili maeneo ya dunia. Anayesoma fomu za Kenya mwaka huu huenda ndiye aliyezisoma mwaka jana. Ameshakutana na shirika la rafiki yako mara nyingi, limebadilishwa jina tu.

Kabla hatujafika kwenye kibanda, ni vizuri ujue kwa nini wanauliza mambo haya. Kwetu KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo hapa Kenya, inatazama alama zako na kundi la masomo, inakupanga, yameisha. Hakuna anayetaka kujua uliimba sauti gani kwenye kwaya. Uingereza nako, ukiomba Oxford au Cambridge, wanataka kuona unavyolipenda somo lenyewe, na unahodha wa mpira hauwasisimui sana. Marekani ndiyo yenye desturi ya kumtazama mwombaji mzima, na asili ya desturi hiyo si nzuri ya kujivunia. Miaka ya 1920, vyuo vya Harvard, Yale na Princeton vilikuwa vikiona wanafunzi wa Kiyahudi wakiongezeka kwa sababu walifaulu mitihani. Kule Harvard, Wayahudi walikuwa wamepita moja ya tano ya wanafunzi wapya kufikia 1922. Rais wa chuo, A. Lawrence Lowell, alitaka wawekewe kikomo. Kikomo cha wazi kilipopingwa, wakaanza kuuliza habari za tabia, haiba, michezo na uongozi, mambo ambayo afisa anaweza kuyapima kwa jicho lake. Baadaye maswali yaleyale yakageuzwa matumizi, yakawa pia njia ya kumwona mtoto wa shule isiyojulikana ambaye karatasi ya matokeo peke yake ingemficha. Wewe unapitia mlango uliojengwa kufungia watu wengine nje. Ingia, ila usidhani ni mlango wa haki tupu.

Sasa jambo ambalo natamani kila mzazi wa pwani alijue. Mwaka 2014 Harvard walishtakiwa kuhusu matumizi ya rangi katika udahili. Kesi ilisikilizwa Boston 2018, ikaishia Mahakama ya Juu ya Marekani 2023. Mimi hapa suala la rangi halinihusu sana. Kilichonifurahisha ni kwamba kesi ile iliuweka hadharani mwongozo wa ndani wa wasomaji wa fomu, ule ambao kwa kawaida hatungeuona. Shughuli za nje ya masomo walikuwa wakizipa namba kuanzia 1 hadi 6. Namba 1 ni ya mafanikio ya nadra, ya ngazi ya taifa kwa mfano. Namba 2 ni mchango mkubwa shuleni, kama kuongoza darasa au kuhariri gazeti la shule, au tuzo za eneo. Namba 3 ni aliyeshiriki vizuri bila kung'aa, na 4 ni aliyeshiriki kidogo au hakushiriki kabisa.

Watu wengi wakifika hapo hudhani 5 na 6 ni chini zaidi, kama daraja la kufeli. Sivyo. Namba 5 iliwekwa kwa mwanafunzi mwenye shughuli nzito zisizo za kawaida ya klabu, na mwongozo wenyewe unataja majukumu ya familia na kazi ya kipato wakati wa masomo. Namba 6 ni ya yule ambaye hali yake, kama ugonjwa au ulemavu, ilimzuia kushiriki. Kwa hiyo kibanda cha mama yako kilikuwa na namba yake kwenye mwongozo wa chuo kikuu kongwe kuliko vyote Marekani, na wewe ulikuwa unataka kukificha nyuma ya shirika la fulana.

Mimi mwenyewe nimewahi kulikosea hili. Miaka ya nyuma nilimsaidia kijana mmoja kujaza fomu, tukahangaika kutafuta mambo kumi ya kujaza nafasi kumi. Tuliandika klabu ya mazingira ambayo alihudhuria mara tatu. Tuliandika skauti. Aliponiambia kwamba tangu baba yake afariki yeye ndiye aliyewapikia na kuwaogesha wadogo zake watatu kwa miaka miwili, nilimjibu, "Hiyo si shughuli, hayo ni maisha." Mwaka ule hakupata chuo chenye pesa. Sisemi alikosa kwa ajili hiyo, vyuo vile huwakataa hata waliojaza vizuri. Ila nilikuja kuisoma fomu kwa makini nikakuta kwenye orodha ya aina za shughuli kuna "majukumu ya familia", imeandikwa wazi, tena ilikuwamo kabla hata sijamkataza.

Tuje kwenye fomu yenyewe. Vyuo zaidi ya 1,000 hutumia fomu moja ya pamoja iitwayo Common App, iliyoanza 1975 na vyuo 15 tu. Hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Sehemu ya shughuli ina nafasi 10, na hakuna sheria ya kuzijaza zote. MIT, ambao wana fomu yao wenyewe, huuliza shughuli nne tu. Kwa kila shughuli kwenye Common App unapewa herufi 50 za cheo chako, herufi 100 za jina la taasisi, na herufi 150 za kueleza ulifanya nini, nafasi tupu na nukta zikihesabiwa humohumo. Kisha wanauliza saa ngapi kwa wiki na wiki ngapi kwa mwaka.

Herufi 150 ni kama ujumbe mfupi wa simu. Ndipo wengi wanapozama. Nikikuambia uandike sasa hivi, najua utaandika hivi:

"Nilimsaidia mama katika biashara ya familia na nikajifunza uwajibikaji, uvumilivu na uongozi."

Hapo hamna kibanda. Hamna mboga, hamna mama. Mtu yeyote kutoka nchi yoyote angeweza kuandika sentensi hiyo. Na hizo sifa tatu za mwisho ni kujipigia makofi, mwachie msomaji akupigie yeye. Jaribu hivi:

"Nanunua Kongowea alfajiri, nauza likizo zote, nilianzisha daftari la madeni la wateja 34, tukapanga tarehe za kulipa, madeni sugu 15 yakabaki 4."

Hizo ni herufi 144. Namba ni za mfano wangu, wewe weka zako za kweli, hata kama ni wateja tisa. Utaiandika kwa Kiingereza, na Kiingereza nacho kina urefu wake, kwa hiyo utakata na kukata tena. Lakini angalia kilichobaki: kuna soko, kuna saa, kuna tatizo (wateja wanakula mchicha wanasahau kulipa), kuna binti aliyelitafutia dawa, na kuna matokeo. Afisa aliyeko maelfu ya maili kutoka Mtwapa hajawahi kufika Kongowea, lakini biashara inayokufa kwa mikopo ya jirani anaielewa mara moja.

Kwenye herufi 50 za cheo andika "muuzaji na mtunza daftari". Usijiite mkurugenzi. Na kibanda kiite kibanda. Nimeona kibanda cha viazi karai kikigeuzwa "kampuni ya rejareja ya familia", na anayesoma akatarajia kuona ghala.

Kuhusu saa, piga hesabu kwa uaminifu maana wenzako huanguka hapa kwa uvivu tu. Ulikuwa bweni, kwa hiyo kibandani ulikaa likizo peke yake. Hesabu wiki za likizo zote tatu za mwaka, na saa za kweli za kwa siku. Tuseme ni wiki 12, saa 35 kwa wiki. Andika hivyohivyo, ni nyingi za kutosha. Wiki ina saa 168, na msomaji hujumlisha. Mwanafunzi wa bweni anayedai saa 60 za klabu kila wiki ya muhula, pamoja na darasa na prepo, amemwambia msomaji kwamba halali usingizi au hasemi kweli.

Maabara sasa. Umeandika "kiranja wa maabara basi", na hilo neno "basi" limenikera kidogo. Kaa chini unijibu maswali haya kwenye karatasi. Nani alikuwa anashika ufunguo? Mlikuwa na bureti ngapi nzima, na wanafunzi wangapi wakizingojea? Nani alipima asidi kabla ya mtihani wa majaribio wa kemia? Maji yaliyokenekwa yalipoisha mlifanya nini? Chupa zisizo na lebo ziliishia wapi? Nimewahi kumuuliza msichana mmoja maswali hayahayo, akanieleza kwa aibu kwamba alitengeneza ratiba ya mistari miwili, kundi moja likipima huku jingine likichora jedwali, ili bureti kumi na moja ziwatoshe watu sabini. Kwa aibu! Yeye alidhani ni kufidia umaskini wa shule. Mtu wa udahili wa kitivo cha uhandisi angeliona hilo kwa jicho tofauti kabisa.

Tuisheni ya watoto wa jirani ni shughuli ya tatu, na ndiyo bado iko mikononi mwako. Kutoka KCSE mwezi wa kumi na moja hadi kuondoka mwezi wa nane au wa tisa wa mwaka mwingine ni muda mrefu, na fomu ina mahali pa kuonyesha ulichofanya baada ya kumaliza shule. Badala ya kuzindua jipya, fanya hilihili kwa utaratibu. Weka siku maalumu. Andika majina na alama zao za mwanzo na za kila mwisho wa mwezi. Jiulize kwa nini hesabu za sehemu, kama nusu na robo, zinawashinda wote, kisha tafuta njia yako ya kuzifundisha, hata kama ni kwa kukata chapati. Ukiwa na watoto saba kwa miezi minane una jambo la kusema. Shirika lenye "vijana 5,000 waliofikiwa" halina.

Mtu atakutajia kijana wa Malawi, William Kamkwamba, aliyetengeneza kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na mabaki ya chuma, kisha akasoma Dartmouth na kuhitimu 2014. Ni kweli yote. Lakini baada yake nimeona vinu vya upepo vingi mno kwenye fomu, vingine havijawahi kuwasha hata taa moja. Yeye alikuwa ametolewa shule kwa kukosa karo, kwao kulikuwa na njaa na hakukuwa na umeme, akafanya kilichokuwa mbele yake. Kilicho mbele yako wewe ni mchicha na watoto wasiojua sehemu.

Nikumegee na kisa kingine cha hapa nyumbani. Mpango wa KenSAP, ulioanza 2004 kwa wanafunzi hodari wa Bonde la Ufa wasio na uwezo, uliasisiwa na mwandishi wa habari John Manners na mwanariadha Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya 1972. Mbali na masomo, waombaji walikuwa wakikimbizwa mita 1,500 kwa saa ya kupimia, kuona kama yumo atakayemvutia kocha wa chuo. Michezo Marekani ni mlango wa peke yake, kocha ana sauti yake kwenye udahili. Kama hukimbii, usianze leo.

Usinielewe vibaya kuhusu mpangilio wa uzito, hata hivyo. Shughuli hazifidii alama. Vyuo vingi hutoa kila mwaka waraka wa takwimu uitwao Common Data Set. Fungua sehemu ya C7 ya chuo unachokitaka uone wao wenyewe wamesema nini ni muhimu sana na nini wanakitazama tu. Karibu kila mahali matokeo na ugumu wa masomo viko juu. Shughuli huamua pale ambapo mezani kuna fomu mia za watu wenye alama kama zako.

Na kwa mtoto wa mama mboga, jambo linaloamua zaidi ya klabu yoyote ni pesa. Gharama ya mwaka mmoja kwenye vyuo vile vikubwa imepita dola 80,000. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni miongoni mwa vichache ambavyo, hata kwa mwanafunzi wa kigeni, havitazami uwezo wako wa kulipa vinapoamua kukuchukua, kisha hukulipia pengo lote. Ila hivyo ndivyo vinavyoombwa na dunia nzima. Harvard huchukua chini ya watu 5 katika kila 100. Vyuo vingine vingi hutazama mfuko wako kwanza, na kuhitaji kwako ufadhili hukupunguzia nafasi hata ukiwa na shughuli za dhahabu. Kwa hiyo orodha yako iwe na vyuo vya aina zaidi ya moja. Itazame Berea, kule Kentucky. Hawatozi ada ya masomo, na kila mwanafunzi lazima afanye kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Chuo kilichojengwa juu ya kazi hakihitaji kuelezwa mara mbili maana ya kuamka alfajiri kwenda Kongowea.

Insha kuu ni maneno yasiyozidi 650. Usiirudie orodha humo. Kama kibanda umeshakieleza kwenye herufi 150, insha ichukue siku moja tu ya kibandani, au iache kibanda kabisa ikazungumze jambo lingine. Mwalimu wa kemia atakayekuandikia barua mkumbushe zile bureti, mpelekee kwa maandishi, kwa sababu ana wanafunzi mia mbili na hawezi kukumbuka nani alifanya nini. Barua yake ikitaja kitu kilekile ulichokiandika wewe, ndiyo ithibati yenyewe.

Ambalo linanifikisha kwenye swali lako la mwisho. Hapana, hawaombi cheti cha kibanda. Common App haidai uthibitisho wa kila shughuli, unatia sahihi kwamba uliyoandika ni kweli. Usiende kuchongesha mhuri wa chama cha akina mama wala kumwomba chifu barua ya kusema unauza mboga. Lakini usidhani hawana macho. Machi 2019 waendesha mashtaka wa Boston walitangaza kesi dhidi ya watu 50. Miongoni mwao walikuwamo wazazi matajiri waliomlipa wakala ili watoto wao wapachikwe kwenye timu za michezo wasiyoicheza, wengine wakipigwa picha za kuigiza. Wakala yule alihukumiwa Januari 2023 kifungo cha miaka mitatu na nusu. Afisa akitilia shaka anaweza kumpigia simu mwalimu mkuu. Simu hiyo ikipigwa shuleni kwako, iwakute wakijua nani alikuwa na ufunguo wa maabara.

Nitumie hiyo mistari mitatu ukishaiandika: kibanda, maabara, tuisheni. Kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza tutakitafuta baadaye. Na daftari la madeni likijaa, mwambie mama asilitumie kufungia nyanya.